Miji ya Marekani: Usiniambie Mshahara, Niambie Kama Nitanunua Mkate kwa Miguu

Leo naweka kando habari za Linux na hifadhidata, maana kuna jambo limenikwama kooni na lazima nilitoe.

Kila mara napata ujumbe wa aina moja kutoka kwa vijana waliomaliza digrii ya kompyuta (au tarakilishi, ili mwalimu wangu wa Kiswahili asinune). Ujumbe wenyewe ni huu: "Kaka, nimepata nafasi Marekani. Mji gani ni mzuri?" Kabla sijajibu, mwenzangu ameshanibandikia orodha ya miji bora kwa waandishi wa programu. Juu kabisa utakuta Silicon Valley, kisha miji ya Texas, kisha mingine. Orodha hizi hupima mshahara. Zile za ujanja kidogo hutoa kodi ya nyumba, na hapo mwandishi hudhani amemaliza hesabu.

Mimi nasema orodha hizo ni takataka. Zimeacha gharama kubwa kuliko zote baada ya nyumba, nayo ni gari. Tena zimeacha swali ambalo mgeni asiye na leseni ya udereva, asiye na rekodi ya mikopo, na asiye na ndugu wa kumbeba atakutana nalo siku ya kwanza asubuhi: nitatokaje hapa?

Kwa hiyo nimetunga jaribio langu. Sisi watu wa programu tunapenda jaribio lenye majibu mawili tu, kufaulu au kufeli. Naliita Jaribio la Mkate: ukiamka Jumamosi bila gari, unaweza kununua mkate, kufika kazini, na kurudi usiku salama? Mji ukikulazimisha ununue gari kabla ya kununua mkate, huo kwangu si mji. Ni maegesho yenye nyumba katikati.

Nimefanya kazi Chicago miaka miwili na nusu, na kazi hiyo ikanizungusha miji mingi. Hapa chini ni mitatu ninayoipenda na mitatu nisiyotaka kuirudia. Mwenye hasira na anywe maji kwanza.

Hesabu kabla ya matusi

Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, hutoa kila mwaka hesabu ya gharama ya kumiliki gari jipya. Mwaka 2024 ilikuwa dola 12,297 kwa mwaka, yaani mafuta, bima, matengenezo, riba, na thamani inayopotea gari likizeeka. Wanaosema hivyo ni marafiki wa magari, si maadui!

Mwaka huohuo, pasi ya siku 30 ya treni na mabasi ya Chicago ilikuwa dola 75. Zidisha mara 12 upate dola 900. Tofauti ni dola 11,397. Kwa dola moja shilingi 129, kama ilivyokuwa mwisho wa 2024, hiyo ni karibu shilingi milioni moja na nusu kila mwaka. Kuna watu wanaomjengea mama nyumba kwa pesa kama hizo.

Utaniambia, "Lakini mimi nitanunua gari kuukuu." Sawa, kata hesabu ya AAA nusu nzima. Bado ni zaidi ya dola 6,000. Na usisahau kwamba mgeni asiye na rekodi ya mikopo hutozwa riba kubwa kuliko mwenyeji kwa gari lilelile. Maskini hulipia umaskini wake. Huko pia ni hivyo.

Sasa twende kwenye miji.

Nisizozipenda: namba tatu, Los Angeles

Los Angeles naihurumia zaidi ya kuichukia. Wengi hudhani mji huu ulizaliwa na magari. Si kweli. Katika miaka ya 1920 eneo hili lilikuwa na mtandao wa treni za umeme wa kampuni ya Pacific Electric wenye zaidi ya maili 1,000 za reli. Watu waliziita Red Cars. Ukitaka pwani, mashamba ya machungwa, au milimani, unapanda treni.

Wakaacha mtandao huo ufe. Njia ya mwisho, ya kwenda Long Beach, ilifungwa mwaka 1961. Kisha mwaka 1990, baada ya miaka 29 ya moshi na misongamano, mji ukafungua treni mpya kwenda Long Beach, sehemu kubwa ikipita palepale ilipopita ile ya zamani. Ni kama kufuta programu inayofanya kazi, halafu kuajiri watu waiandike upya kwa mamilioni ya dola. Tangu hapo wamejenga reli nyingi, nawapongeza. Lakini mji umeshatawanyika, na kutawanyika hakurudi nyuma kwa mwaka mmoja.

Namba mbili: Houston na majirani zake wa Texas

Hapa nitakosana na ndugu, maana Wakenya wengi wako Texas. Binamu yangu yuko Dallas na kila Krismasi hututumia picha ya nyumba yake na magari matatu. Nampenda sana. Lakini ukimuuliza anatumia saa ngapi barabarani kila siku, anabadilisha mazungumzo.

Nilipelekwa Houston kwa wiki moja ya mafunzo. Dirishani kwangu hotelini niliona duka la vyakula, mita kama 300 hivi. Kati yangu na duka hilo palikuwa na barabara ya leni nane, pasipo kivuko, pasipo daraja, na upande wangu pasipo hata njia ya wapita miguu. Nilimuuliza mhudumu wa mapokezi nitafikaje. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza atafikaje mwezini, akasema, "Ita teksi." Nikaita teksi ili nivuke barabara! Ikazunguka makutano mawili, ikanitoza dola kadhaa, na mkate nikaupata.

Msiseme hilo ni jambo dogo la kuchekesha. Mwaka 2009 magari yaliua watembea kwa miguu karibu 4,100 nchini Marekani. Mwaka 2022 idadi ilikuwa zaidi ya 7,500. Barabara za namna ile, pana, za kasi, zilizojaa maduka pande zote mbili na zisizo na vivuko, ni mahali ambapo mtu hufa akienda kununua maziwa.

Wenye kuitetea Houston hupenda kusema, "Houston ni soko huria, haina sheria za kugawa maeneo ya ujenzi, kwa hiyo hayo ndiyo watu waliyoyachagua." Nusu ya kwanza ni kweli: wapiga kura walikataa sheria hizo mwaka 1948, 1962, na 1993. Nusu ya pili ni porojo. Mji huohuo ulimlazimisha kila anayejenga aweke idadi fulani ya nafasi za magari. Ukijenga mkahawa, lazima uwe na maegesho; ukijenga nyumba za kupanga, maegesho. Katikati ya mji sharti hilo halikuwepo, na mwaka 2019 likaondolewa pia Midtown na East Downtown, lakini kwingineko likabaki. Soko huria gani hilo linalokuamuru ununue ardhi ya kulaza magari ya watu?

Donald Shoup, profesa wa UCLA aliyefariki mwaka 2025, aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hili mwaka 2005, The High Cost of Free Parking. Hoja yake ni rahisi: maegesho ya bure si bure. Gharama yake imefichwa ndani ya kodi ya nyumba na bei ya mkate, na hata asiye na gari anailipa.

Kisha kuna Katy Freeway. Barabara hii ya Houston ilipanuliwa hadi mwaka 2008 kwa karibu dola bilioni 2.8, na sehemu fulani ina leni 26 ukihesabu zile za kandokando. Ishirini na sita! Msongamano uliisha? Kati ya mwaka 2011 na 2014 muda wa safari ya jioni uliongezeka kwa zaidi ya nusu. Mwandishi yeyote wa programu angewaambia sababu. Programu inayovuja memori huiponyi kwa kuiongezea memori. Unaipa nafasi zaidi ya kuvuja. Ukiongeza leni, watu wanajenga mbali zaidi, wanaendesha zaidi, na leni zinajaa.

Na kama Houston ni mbaya, tazama Arlington, kati ya Dallas na Fort Worth. Sensa ya 2020 ilihesabu watu karibu 394,000 pale. Una uwanja wa Dallas Cowboys wenye viti 80,000, na bado ulikuwa mji usio na mabasi ya kawaida yenye njia na ratiba. Mwaka 2017 wakaanzisha vigari vya kuitwa kwa simu. Yaani Kisumu ina matatu, na mji wa Marekani wenye watu karibu laki nne hauna hata wa kuita "Beba! Beba!"

Namba moja kwa ubaya: Silicon Valley

Najua hapa ndipo nitakapopigwa mawe. Silicon Valley ndiyo Makka yetu, si ndivyo? Tumekua tukisoma Google yuko Mountain View, Apple yuko Cupertino, Facebook yuko Menlo Park, na akilini tukajenga mji wa ajabu wenye minara ya vioo na treni zinazoelea.

Ukweli ni huu: ni vitongoji. Nyumba ya ghorofa moja, gereji, nyasi, nyumba ya ghorofa moja, gereji, nyasi, kisha jengo la ofisi lililozungukwa na maegesho. Makao makuu ya Apple, yaliyofunguliwa mwaka 2017, yalipangiwa wafanyakazi 12,000 na yakajengewa karibu nafasi 11,000 za magari. Kampuni iliyotupunguzia kompyuta hadi ikaingia mfukoni ilishindwa kupunguza maegesho.

Kwa nini naiweka chini ya Houston? Kwa sababu Houston haikujidai. Silicon Valley ina pesa kuliko sehemu nyingi duniani, ina watu wanaojisifu kwamba wanaweza kutatua lolote, na imeshindwa kutatua swali la mkate. Zaidi ya hayo, wametoza bei ya jiji kwa maisha ya kitongoji.

Ushahidi wangu si maneno yangu. Ni miguu ya wafanyakazi wenyewe. Vijana wengi wanaofanya kazi kwenye kampuni hizo walikataa kuishi karibu na ofisi. Wakapanga San Francisco, ambako kuna mitaa, mikahawa, mabasi, na treni ya BART iliyokuwapo tangu 1972, na kampuni zikalazimika kukodi mabasi makubwa ya kuwasafirisha kila asubuhi na jioni, zaidi ya saa moja kwenda na nyingine kurudi. Mabasi hayo yakawa yanasimama kwenye vituo vya mabasi ya umma huku kodi za nyumba zikipaa, na mwezi Desemba 2013 wakazi wa San Francisco wakajitokeza barabarani kuyazuia. Fikirieni: kampuni tajiri kuliko zote zilivumbua matatu ya binafsi kwa sababu mji zilipokaa haukalikiki!

San Francisco yenyewe naiondoa kwenye lawama hii. Ni kama maili saba kwa saba, unatembea, unafaulu Jaribio la Mkate. Tatizo lake ni kwamba kwa miaka mingi imekataa kujenga nyumba za kutosha, na ukifika mlango umefungwa.

Nizipendazo: namba tatu, Philadelphia

Philadelphia haimo kwenye orodha za vijana wetu, nami sijui kwa nini. William Penn aliianzisha mwaka 1682 kwa mitaa iliyonyooka kama karatasi ya hesabu, na viwanja vya wazi katikati. Nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, mtaa baada ya mtaa, na ndiyo maana duka la kona lina wateja wa kutosha wanaofika kwa miguu. Treni ya Market Street ilianza mwaka 1907, ya Broad Street mwaka 1928. Na ukihitaji mkutano New York, kuna garimoshi la saa moja na nusu hivi. Nyumba si ghali kama New York. Kuna nini kingine unachotafuta?

Namba mbili: New York

New York ni ya kutembelea kwa yeyote na ya kuishi kwa mwenye kifua. Treni ya chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka 1904, ina vituo 472, na inatembea saa 24. Ni chafu, ina kelele, panya wanatazama abiria machoni. Lakini bilionea na mwosha vyombo wanapanda behewa moja, na hilo nimeliona katika miji michache sana.

Tarehe 5 Januari 2025 walianza kutoza magari madogo dola 9 kwa kuingia sehemu ya chini ya Manhattan saa za pilikapilika, pesa ziende kutengeneza treni. Huko ndiko kufikiri. Mwenye gari alipie nafasi anayoikalia.

Namba moja: Chicago

Nitasema bila haya: Chicago ni mji uliopangwa na mtu mwenye akili ya programu. Zamani mitaa mingi ilishirikiana majina na namba zilikuwa vurugu tupu. Edward Brennan, raia wa kawaida aliyewahi kupeleka bidhaa za duka la baba yake, alichoka, akapendekeza mfumo mmoja kwa mji mzima. Ulianza kutumika mwaka 1909. Makutano ya State na Madison yakawa sifuri, sifuri. Kutoka hapo kila maili ni namba 800. Ukiambiwa 3200 Kaskazini, unajua ni maili nne kutoka katikati. Huhitaji ramani wala simu. Ni grafu ya darasa la hisabati iliyogeuzwa kuwa mji wa mamilioni ya watu!

Hata hitilafu zake zinanichekesha. Maili tatu za kwanza za kusini hazifuati kanuni, kwa sababu namba za huko zilikuwa zimeshazoeleka. Kila mwandishi wa programu anaujua msimbo wa aina hiyo, mkongwe ambao hakuna anayethubutu kuugusa.

Treni za juu, wanazoziita L, zilianza mwaka 1892. Njia ya Bluu inatoka moja kwa moja uwanja wa ndege wa O'Hare. Unashuka kwenye ndege na begi lako, unapanda treni, na hujaomba msaada wa mtu. Njia za Bluu na Nyekundu zinatembea usiku kucha. Hili si anasa. Wakenya wengi Marekani wanafanya kazi hospitalini na kwenye nyumba za wazee, zamu ya usiku. Dada anayemaliza kazi saa tisa usiku bila gari, Houston yuko mateka. Chicago anapanda treni. Na siku ya mapumziko kuna maili 18 za njia ya kutembea kando ya Ziwa Michigan, bure.

Msidhani naficha. Baridi ya pale si ya mchezo. Tarehe 30 Januari 2019 ilifika nyuzi 31 chini ya sifuri. Mwaka 2008 mji ulikodisha mita zake za maegesho kwa miaka 75 kwa dola bilioni 1.15, mkataba wa kipumbavu, maana mji ukiondoa nafasi za magari ili uweke njia ya basi huenda ukalazimika kuwafidia wawekezaji. Na kubwa kuliko yote, Njia Nyekundu inaishia mtaa wa 95 tangu mwaka 1969, ilhali mji unaendelea kusini, kwenye mitaa ya Wamarekani weusi. Ahadi ya kuirefusha imezungushwa kwa zaidi ya miaka 50. Mtu wa kule anafeli Jaribio la Mkate ndani ya mji ninaouita bora. Hiyo ni aibu, nami naitaja.

"Lakini Wamarekani wanapenda magari"

Wanapenda walichopewa. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alisaini sheria ya barabara kuu za maili 41,000, serikali ya taifa ikilipa asilimia 90. Wewe ungekuwa meya, ungejenga nini? Bila shaka kile ambacho mtu mwingine anakilipia senti 90 za kila dola. Si utamaduni, ni bajeti. Na bajeti hubadilika: Buffalo iliondoa sharti la maegesho mji mzima mwaka 2017, Minneapolis mwaka 2021, San Jose (ndiyo, huko huko Silicon Valley) mwaka 2022, na Austin, Texas, mwaka 2023. Hata Texas imeanza kuamka.

Wengine watasema, "Wewe huna watoto, subiri." Nasikia. Mwenye watoto watatu anataka vyumba, na Texas vyumba ni nafuu. Lakini mtoto wa miaka kumi na mbili katika kitongoji cha Houston hawezi kwenda popote mpaka mama amwendeshe. Mtoto wa Chicago anapanda basi. Nani kati yao amepewa nafasi zaidi?

Na ninyi mlioko Nairobi, msicheke sana. Mwaka 2022 tulifungua Expressway ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na mwenye gari anapita juu akilipa, huku abiria wa matatu na mtembea kwa miguu wakibaki chini kwenye vumbi. Tukiiga Marekani, tuchague tunaiga mji gani. Mwiga tembo hupasuka msamba, na tembo wetu ana leni 26.

Basi kijana mwenye barua ya kazi mkononi, kabla hujasaini, fungua ramani. Tafuta ofisi, tafuta nyumba unayoweza kuilipia, tafuta duka la mkate. Hesabu dakika kwa miguu na kwa treni. Ukiona huwezi kufika bila gari, toa dola 12,000 kwenye mshahara waliokuahidi, kisha uusome upya.